Mwongozo wa Mbishi: Namna ya Kulilia Bendera na Bakuli Bila Kuvunja Undugu

Kuna ubishi wa kahawa, kuna ubishi wa bao, na kuna ubishi wa mashabiki wa futiboli ya vyuo vya Marekani. Wa kahawa huisha kahawa ikipoa. Wa bao huisha kete zikihesabiwa. Huu wa tatu haujapatiwa dawa: hadi leo watu wazima wananuniana kwa sababu ya bendera iliyorushwa mwaka 2003, na waliorithi mnuno huo wengine walikuwa hawajazaliwa.

Kwa ndugu zetu wanaoishi Columbus, Dallas au Atlanta, jambo hili limeshaingia ndani ya nyumba. Mtoto anasoma chuo, chuo kina timu, timu ina jezi. Baba aliyefika Marekani akijua soka peke yake anajikuta amesimama mbele ya runinga, kikombe cha chai mkononi, anamfokea refa aliye maili elfu moja kutoka hapo. Mwongozo huu ni wake, na ni wa kila mtu aliyewahi kupoteza sauti kwa ajili ya timu. Naamini kubishana vizuri ni namna ya kuupenda mchezo. Kubishana vibaya ni kuukosea adabu, na wabishi wabaya tunao wengi mno.

Kabla ya hatua zenyewe, tuelewane kuhusu tunachobishania. Timu inayoshambulia hupewa majaribio manne ya kusogeza mpira yadi 10. Ikifaulu hupewa mengine manne, ikishindwa hunyang'anywa mpira. Ikiufikisha eneo la mwisho ni tachidauni, pointi 6. Mwamuzi akiona kosa hurusha kitambaa cha njano, ndiyo bendera yenyewe, na hapo ndipo presha za watu hupanda.

Mechi za Bowl ni zile za kufungia msimu, Desemba na Januari. Neno hilo maana yake ni bakuli, na limetokana na viwanja vilivyojengwa kwa umbo la bakuli, maarufu kuliko vyote ukiwa Rose Bowl wa Pasadena, California, wa mwanzoni mwa miaka ya 1920. Mechi ya Pasadena ina umri mkubwa kuliko uwanja huo: ya kwanza ilichezwa mwaka 1902, Michigan ikaichapa Stanford 49–0. Orange Bowl na Sugar Bowl zilianza 1935, Cotton Bowl 1937. Kwa miongo mingi bingwa wa taifa hakupatikana uwanjani. Alipigiwa kura na waandishi wa habari kivyao, na makocha kivyao. NCAA, chombo kinachosimamia michezo ya vyuo, hutoa ubingwa katika michezo mingi lakini haijawahi kuutoa katika ngazi ya juu kabisa ya futiboli. Bakuli moja likiwa na wapakuaji wengi, ugomvi hauepukiki. Basi tujifunze kugombana.

Hatua ya kwanza: Sema unamshtaki nani

Malalamiko ya mchezo huu ni ya namna mbili, na mbishi mbovu huyachanganya kama mtu anayemwaga uji juu ya pilau. Kuna kesi ya refa. Hapo jambo lilitokea au halikutokea: mguu ulikuwa ndani au nje, mpira ulidakwa au uligusa nyasi. Kesi hii huamuliwa kwa macho na kwa kanuni. Halafu kuna kesi ya kamati. Hapo hakuna mguu wala mstari, kuna hukumu ya binadamu kuhusu nani anastahili kukaribishwa mezani. Kesi hii huamuliwa kwa kipimo.

Ukimsikia mtu anasema kamati imemwonea Desemba kwa kuwa refa alimwonea Oktoba, mkalishe, mpe maji ya kunywa, kisha umuulize kwa upole: "Kaka, leo tumemleta nani kizimbani?"

Hatua ya pili: Tazama mara tatu, na mara moja uzime sauti

Mtangazaji ana kazi yake, na kazi yake ni kukuchemsha damu. Ukitaka haki, zima sauti.

Chukua Fiesta Bowl ya tarehe 3 Januari 2003, iliyochezwa Tempe, Arizona. Miami ilikuwa imeshinda mechi 34 mfululizo na ilikuwa ikigombea ubingwa wa taifa na Ohio State. Wakatoka sare, wakaingia muda wa nyongeza. Miami ilikuwa mbele 24–17, na Ohio State ilikuwa kwenye jaribio lake la nne, karibu kabisa na eneo la bao. Mpira ukarushwa kwa Chris Gamble, aliyekuwa akilindwa na Glenn Sharpe. Haukudakwa, mechi ikaonekana imekwisha. Fataki zikalia, wachezaji wa Miami wakamiminika uwanjani kushangilia. Ndipo bendera ikaruka, imechelewa: Gamble amezuiwa asidake. Ohio State ikapata uhai, ikasawazisha, na katika nyongeza ya pili ikashinda 31–24.

Mashabiki wa Miami hutazama mkono wa Sharpe wakati mpira unafika, nao wana hoja. Wa Ohio State hutazama mwanzo wa mbio, Gamble alipokuwa ameshikwa, nao wana hoja. Wote wanatazama picha moja, ila kila upande unaanza kuhesabu sekunde pale panapoupendeza. Mwamba ngoma ngozi huvutia kwake. Mbishi mwadilifu huutazama mchezo kuanzia mpira unapoondoka hadi firimbi ya mwisho, kisha ndipo anafungua kinywa. Mimi baada ya kutazama hivyo nasema: kushikwa kulikuwepo, na kuchelewa kwa bendera ndiko kulikoharibu imani ya watu. Hayo ni mambo mawili, na shabiki wa Miami ana haki kamili ya kulalamikia la pili.

Hatua ya tatu: Soma kanuni kabla ya kuitukana

Hakuna kanuni inayotukanwa na watu wasioisoma kama ile ya kulenga kichwa. Inamkataza mchezaji kumgonga kwa nguvu kichwani au shingoni mpinzani asiyeweza kujikinga, na inamkataza kumgonga mtu yeyote kwa utosi wa kofia yake. Adhabu ni yadi 15, na tangu 2013 mkosaji hutolewa nje. Imewekwa kulinda ubongo wa vijana wa miaka ishirini, na kwa hiyo inastahili heshima hata inapotuuma.

Sasa twende Atlanta, tarehe 1 Januari 2025, Peach Bowl, robo fainali ya mchujo wa taifa. Arizona State ilikuwa nyuma ya Texas 24–8 ikaibuka hadi 24–24, ikibebwa na Cam Skattebo, mkimbiaji aliyeonekana kukataa kuanguka. Ikiwa imebaki kama dakika moja, Melquan Stovall akadaka mpira katika jaribio la tatu, na Michael Taaffe wa Texas akamgonga, kofia kwa kofia. Waamuzi wakaitazama video. Wakasema si kosa la kulenga. Kama lingehesabiwa kosa, Arizona State ingepata yadi 15 na majaribio mapya manne. Badala yake ikalazimika kuupiga mpira mbali.

Shabiki wa Arizona State anayesema "ni kosa, kanuni inasema hivi na hivi, mpokeaji alikuwa bado hajajikinga" huyo msikilize, maana ana kesi nzito. Kwa macho yangu ana haki. Lakini anayeishia kusema "tuliibiwa mechi" amesahau yaliyofuata. Mkwaju wa Texas wa kumaliza mechi uligonga nguzo. Katika nyongeza ya kwanza Arizona State ilitangulia kufunga, na Texas ikabaki na jaribio la nne likiwa linahitaji yadi 13. Kotabeki wake, yaani mrushaji wa mpira, Quinn Ewers, akamrushia Matthew Golden, tachidauni. Texas ilishinda 39–31 katika nyongeza ya pili. Uamuzi ule uliifungia Arizona State mlango mmoja. Mlango wa pili ulikuwa wazi, na yadi 13 zikaponyoka mbele ya macho ya mabeki wake. Mbishi wa kweli husema yote mawili kwa pumzi moja.

Hatua ya nne: Geuza jezi

Hiki ndicho kipimo kikuu kuliko vyote, na ndicho kinachowashinda wengi. Kabla ya kulalamika, wavishe wapinzani jezi za timu yako. Je, ungelia vilevile? Kama jibu ni hapana, kaa chini, malizia chai yako.

Colorado ya mwaka 1990 itakufundisha. Tarehe 6 Oktoba, ikicheza ugenini na Missouri, ilikuwa nyuma kwa pointi nne na muda unaisha. Wahusika wakasahau kubadili kibao cha kuhesabia majaribio. Colorado ikapewa jaribio la tano, jambo lisilokuwemo katika sheria yoyote ya mchezo huo, na kwa jaribio hilo ikafunga na kushinda 33–31. Kocha Bill McCartney alipoulizwa, alilalamikia uwanja uliokuwa ukiwatelezesha vijana wake. Matokeo yakabaki hivyohivyo.

Tarehe 1 Januari 1991 Colorado hiyohiyo ilikutana na Notre Dame katika Orange Bowl. Ilikuwa mbele 10–9, mechi iko ukingoni, ikaupiga mpira mbali. Raghib Ismail, aliyeitwa Rocket, akaudaka na kukimbia yadi 91 hadi eneo la bao. Bendera: mwenzake amemgonga mpinzani kwa nyuma. Bao likafutwa. Colorado ikapewa ubingwa na waandishi, Georgia Tech ikapewa na makocha.

Niliyoyaona katika ubishi wa Colorado ni haya: shabiki wake huieleza bendera ya Orange Bowl kifungu kwa kifungu kama hakimu, na akifika kwenye jaribio la tano husema binadamu hukosea. Wa Notre Dame naye husema jaribio la tano ni aibu ya karne, na akifika kwenye bendera ya Ismail ghafla hapendi sheria kali. Mkuki kwa nguruwe, kwa binadamu mchungu. McCartney mwenyewe, miaka baadaye, alikiri kujutia ushindi ule wa Missouri. Kocha ameweza, basi hata sisi tunaoshinda kwenye kochi tunaweza.

Hatua ya tano: Shika kipimo kimoja

Sasa tuiache firimbi, tuingie kwa kamati. Tangu msimu wa 2014 kuna mchujo wa taifa, na kamati ya watu 13 hukutana Grapevine, Texas, kupanga timu kwa ubora. Mwanzo ziliingia timu 4. Tangu msimu wa 2024 zinaingia 12. Nafasi zimeongezeka mara tatu, na kelele hazikupungua, kwa sababu anayeachwa mlangoni huwepo daima.

Kiini cha ugomvi ni swali moja: tunachagua timu bora, au timu iliyostahili? Bora ni ile unayodhani itashinda ikicheza kesho. Iliyostahili ni ile iliyokwisha kufanya kazi tangu Septemba. Mara nyingi ni timu moja. Zikiwa mbili tofauti, watu huacha kusalimiana.

Mwaka 2023 Florida State ilishinda mechi zake zote 13 na kutwaa ubingwa wa ligi yake. Lakini Novemba kotabeki wake, Jordan Travis, aliumia mguu. Kamati ikasema bila yeye hii ni timu nyingine, ikaichukua Alabama iliyokuwa imepoteza mechi moja. Taratibu za kamati zinaruhusu kutazama majeruhi, hilo ni kweli. Hata hivyo mimi nasema waziwazi: mtu aliyeshinda kila alichowekewa mbele hafukuzwi mlangoni kwa ajili ya mechi ambayo bado haijachezwa. Bondia hapewi mkanda kwa kuwa angeshinda. Kama matokeo ya uwanjani hayamalizi ubishi, tunacheza kwa nini?

Lakini ukishika kipimo hiki, kishike hata kikikuuma. Aliyeililia Florida State hana budi kuililia Auburn ya 2004, iliyoshinda mechi zote na kuachwa nje ya mechi ya ubingwa. Hana budi kuikumbuka UCF ya 2017, ambayo haikufungwa na yeyote, ikaishinda Auburn 34–27 katika Peach Bowl, nayo Auburn ndiyo iliyokuwa imezifunga Alabama na Georgia, timu mbili zilizocheza fainali. UCF ilijitangazia ubingwa na kufanya gwaride. Watu walicheka. Mfumo mmoja wa hesabu, Colley Matrix, uliiweka ya kwanza, na kitabu cha kumbukumbu cha NCAA kimeliandika jambo hilo.

Na kipimo kikihusu mechi ya ana kwa ana, kiwe hivyo kwa wote. Desemba 2025 Miami na Notre Dame zote zilikuwa na ushindi 10 na vipigo 2, nafasi imebaki moja. Wiki kadhaa kamati iliiweka Notre Dame juu, kisha siku ya mwisho ikaigeuza, ingawa mwishoni mwa juma hilo hakuna kati yao aliyecheza. Miami ilikuwa imeifunga Notre Dame 27–24 tangu siku ya mwisho ya Agosti. Notre Dame ikasusa, ikakataa kucheza Bowl yoyote. Hukumu yangu: kamati ilifika mahali sahihi kwa njia mbaya. Mechi ya Agosti ilikuwepo tangu Agosti, na kuiona Desemba peke yake ndiko kulikomfanya mtu wa Notre Dame ajisikie ametolewa sahani akiwa ameshanawa mikono.

Hatua ya sita: Usimwite shahidi aliyefika baada ya hukumu

Florida State ilipoachwa ilikwenda Orange Bowl ikachapwa na Georgia 63–3. Mara wakatokea watu wakisema, mmeona? Hawakustahili! Shahidi huyu hafai. Wachezaji wake wengi muhimu walikuwa wamejitoa, na uamuzi ulikuwa umefanywa wiki kadhaa kabla.

Hoja hiyohiyo ikataliwe hata inapopendeza. Mwaka 2014 TCU ilikuwa ya tatu, ikashinda mechi yake ya mwisho 55–3, ikaporomoka hadi ya sita. Baylor, iliyokuwa imeifunga TCU 61–58, nayo ikaachwa. Nafasi ya nne ikaenda kwa Ohio State, iliyoipiga Wisconsin 59–0, ikaingia na kotabeki wake wa tatu, Cardale Jones, na kubeba ubingwa wote. Ushindi huo ulithibitisha kwamba Ohio State ilikuwa na nguvu. Haukuthibitisha lolote kuhusu TCU na Baylor, kwa sababu hazikupewa nafasi ya kujaribu. Aliyenyimwa mtihani hawezi kuhesabiwa kwamba amefeli.

Hatua ya saba: Usimwite mtu mwizi bila ushahidi

Refa anayekosea amekosea. Kumwita mwizi ni shtaka jingine, na lina uzito wake. Wajumbe wa kamati wenye uhusiano wa karibu na chuo hutoka chumbani chuo hicho kinapojadiliwa. Waweza kusema wamepima vibaya, na mimi nimesema hivyo hapo juu, lakini usiwavalishe hongo usiyoiona. Zaidi ya hayo, waache wachezaji. Aliyedondosha mpira ana miaka kumi na tisa na mtihani Jumatatu. Mama yake anasoma yale unayoandika. Mlilie refa, ilaumu kamati, mtoto wa watu umpigie makofi.

Hatua ya mwisho: Ujue kukubali

Wahenga walisema asiyekubali kushindwa si mshindani. Futiboli ya vyuo ina mfano wa wazi zaidi, wa watu waliokubali kushindwa wakiwa wameshashinda.

Tarehe 16 Novemba 1940, mjini Hanover, New Hampshire, Cornell ilicheza na Dartmouth. Cornell ilikuwa haijafungwa katika mechi 18. Hadi sekunde za mwisho Dartmouth ilikuwa mbele 3–0. Cornell ikafunga tachidauni na kuondoka na ushindi wa 7–3. Filamu ya mechi ilipotazamwa, ilionekana wazi: refa alihesabu vibaya, na bao lile lilifungwa katika jaribio la tano. Refa, Red Friesell, alikiri kosa lake. Hakukuwa na kanuni iliyoilazimu Cornell kufanya chochote. Ikaipelekea Dartmouth telegramu ya kuuachia ushindi, na Dartmouth ikaupokea.

Miaka hamsini baadaye Colorado ilipata jaribio la tano lilelile, ikabaki na ushindi na kombe. Siku utakapobishana, ndugu yangu, na ukaona ukweli umeangukia upande wa pili, kumbuka chuo kipi kati ya hivyo viwili bado kinatajwa kwa heshima. Matokeo ya Hanover hadi leo yameandikwa hivi: Dartmouth 3, Cornell 0.